Dawa Haina Rika

Dundori,
kwa Posta ya Nakuru.
14 Agosti 1957

Mpendwa ndugu yangu Kemboi, mwana wa baba mdogo,

Salamu nyingi kutoka baridi hii mpaka joto lako la Mombasa. U mzima? Magoti yanasemaje? Na reli, bado inakulipa kwa kukaa kivulini? Sisi wazima, ng'ombe wazima, na Chepkemboi mke wangu bado ana mdomo uleule.

Sasa sikia: natembea! Mgongo huu nilioubomoa kwenye machimbo ya Kariandusi, daktari wa Nakuru ameupatia dawa ya maji yenye afyuni, chungu kama nyongo. Kijiko asubuhi, kijiko jioni, basi. Juzi nilipanda mpaka zizini bila fimbo, mbuzi wakanishangaa.

Ubaya wake hufunga tumbo. Mwanzoni nilikaa chooni kama askari wa zamu. Sasa nakula papai na kunywa maji mengi, tumepatana.

Habari za dawa hii zilikufikia, ukaniandikia nikutumie nusu chupa ya magoti yako, kwa kuwa tulitahiriwa pamoja, na cha mwenzako wa rika ni chako. Kweli. Nyama, tumbako, hata blanketi langu, chukua. Lakini ngoja nikupe habari ya Kipketer, yule mwenzetu wa meno mawili.

Alikuja kwangu kunywa pombe ya chungu kwa mrija, goti linamuuma. Nilipotoka kukojoa akaiona chupa, akapiga mafunda bila kuomba. Aombe nini, naye ni rika? Akarudi kwenye chungu, akavuta. Mara mrija ukamtoka mdomoni. Akakoroma kama msumeno, kisha hata kukoroma kukapungua, pumzi moja moja, midomo rangi ya majivu.

Nikampiga makofi. Chepkemboi akammwagia maji: "Wewe mzee, amka, ng'ombe wako wanaibwa!" Hata kope haikutikisika. Tukampakia kwenye lori la maziwa, nami nikamfinya masikio njia nzima asisahau kupumua. Pale hospitali walihangaika naye sana. Alipofumbua macho akauliza, "Nani amechukua mrija wangu?" Nikacheka huku machozi yananitoka.

Daktari akanigeukia mimi! Dawa hii hupimiwa mtu mmoja, akasema, na ikikutana na pombe hulaza pumzi. Basi chupa iko sandukuni, ufunguo uko shingoni mwa Chepkemboi, na huko hata rika halifiki.

Kwa hiyo sikutumii. Niite mchoyo. Njoo mwenyewe daktari akuone, akupimie ya kwako. Mjukuu wangu Chepkemei anaolewa mwezi ujao, nami nitacheza! Pombe nimeiacha, wazee wananicheka, lakini nafasi yangu penye chungu siitoi: mrija wangu nitauchomeka kwenye kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, nivute nao.

Nisalimie shemeji Nekoye na watoto wote. Mungu akutunzie hayo magoti mpaka ufike. Mrija wako nimeshauchonga. Kipketer ameomba akae katikati yetu, tumfinye akisinzia.

Ndimi nduguyo akupendaye, mchoyo wa chupa,
Kipkemei