Blogu Yako Ilivyosomwa Darasani

S.L.P. 418,
Kitengela.
17 Oktoba 2024.

Mpendwa Dada Priscilla,

Hujambo huko Calgary? Baridi imeanza kukuuma au bado? Sisi huku tu wazima. Baba miguu inamsumbua lakini bado anawafuata ng'ombe wake, na mvua tunaiomba tu. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu zangu hupokei.

Unakumbuka nilikueleza kuhusu RSS, ile programu inayokusanya mambo mapya kutoka tovuti ninazochagua na kuniletea mahali pamoja. Baba ameizoea hata kunishinda. Kila asubuhi huninyang'anya simu aone utabiri wa mvua na bei ya ng'ombe, kisha hubishana na vyote viwili.

Darasani kwangu nami huiwasha kwenye projekta kila Jumatatu, watoto wakasoma kwa zamu. Kuna habari za wanyama, za sayari, na blogu yako pia. Niliiweka mwenyewe kwa ajili ya binti yako Resian. Ukiandika juu ya theluji au wale wazee unaowahudumia, yeye ndiye husoma, na siku hiyo hutembea kifua mbele.

Jumatatu iliyopita ikaja yako mpya. Sikuwa nimeipitia. Resian akasimama, akasoma kwamba umepata kibali cha kuishi huko, kwamba Desemba hutarudi, na kwamba huko ndiko nyumbani sasa. Alisoma mpaka nukta ya mwisho bila sauti kutetemeka. Wenzake wakampigia makofi kama wanavyompigia kila msomaji. Mimi nilisimama tu, sikujua nizime mashine au nimshike mtoto.

Nimekasirika, Dada. Ungeniambia kwanza. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Tangu siku hiyo Resian hali chakula vizuri, na kulia halii. Jana akaniuliza, "Anti, mama aliandikia watu gani hiyo? Sisi tuko kwa hao watu?" Nilimwambia sijui, na kweli sijui. Naomba umjibu wewe, na usimjibu kwenye blogu.

Baba hajui. Niliiondoa blogu yako kwenye simu kabla hajaiona, lakini nitamficha mpaka lini? Anakusalimu sana na anauliza utafika tarehe gani, maana mbuzi wako ameshamtenga. Kaka Nelson na mkewe Kakenya wanakusalimu pia. Resian hakunituma salamu, nami sikumlazimisha.

Enkai, Mungu wetu, akulinde huko uliko.

Mdogo wako anayekupenda hata akiwa na hasira,
Soipan