Noah Yako Imerudi Bila Siti

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na hasira, na sitaki kujifanya sina.

Hata turubai la msiba wako hatujalishusha, shemeji yako Marwa akachukua funguo za gari lako la Noah ukutani, akasema anaipeleka kwa fundi. Fundi gani! Ilienda machimboni. Siku hizi dhahabu imewapanda watu kichwani, hata majirani zetu wa hapa Nyanungu wameacha migomba ikauke. Marwa aling'oa siti zote, akawa anabeba viroba vya mawe kupeleka kwenye mashine za kusaga. Noah ile ile, Mama, uliyokuwa ukiifuta vumbi kwa khanga yako mwenyewe! Siku za mnada ilibeba ndizi zetu, Jumapili ikabeba kwaya, na mjamzito yeyote uliyemkuta njiani ulimpakia bure.

Jirani yetu Rhobi alishikwa na uchungu gari likiwa huko. Tulimpakia kwenye bodaboda, akajifungulia majanini kando ya barabara. Wako hai wote wawili, Mungu ni mwema. Ila nilipokwenda kumweleza Marwa, alicheka.

"Gari ni la ukoo," akasema. "Nyumba ya kaka yangu haina mwanaume."

Kwani mimi nilikuja hapa kutembea? Si wewe, mjane usiye na mtoto, uliyetoa ng'ombe wako zizini ukanioa kwa mila yetu ya nyumba ntobhu, mwanamke kwa mwanamke, ili nyumba yako isife? Wanangu si wanaitwa kwa jina la marehemu mumeo? Nikaita wazee.

Marwa aliongea mpaka povu likamtoka, na wazee wakaanza kuitikia kwa vichwa. Nikajifunga khanga kiunoni, nikasimama.

"Shikamooni, wazee wangu. Siku Mama ananioa mlikula nyama na kunywa pombe hapa hapa. Mbona siku ile hamkuuliza mwanaume yuko wapi?"

Mmoja akakohoa, akasema nyumba hii ina wenyewe, funguo zirudi.

Zimerudi, Mama. Lakini springi zimelala, mlango wa pembeni unafungwa kwa kamba, siti hajui alizitupa wapi. Nikiitazama natamani kulia, kisha natamani kumchapa mtu. Nakumbuka ukinifundisha gia kwenye uwanja wa kanisa, mimi nikizima gari kila mara, wewe ukicheka hadi machozi. Ungekuwepo angethubutu?

Fundi wa Tarime mjini ameahidi kunitafutia siti kuukuu. Mawe hayatapanda tena humo, nakuahidi. Marwa mwenyewe akiugua tutampeleka hospitali, maana hukutufundisha kumwacha mtu njiani. Atakaa nyuma kama abiria wengine, na usukani nitashika mimi.

Lala salama, Mama.

Mkeo,
Ghati