Samaki Hawakupewa Sumu

Kaka Mwangi,

Natumaini baridi ya Endarasha haijawamaliza, na mama anapumua vizuri tangu aanze zile dawa za kifua. Huku Ujerumani mimi ni mzima wa mwili, ila nimekasirika, na ni wewe uliyenikasirisha.

Uliniambia kwa simu, "Ni huyo mama wa hapo juu ameweka sumu. Samaki zote zimekufa mara moja, ati unataka ushahidi gani ingine?" Sasa nasikia Mama Kanini, yule jirani mjane aliyetupikia wiki nzima tulipomzika baba, ameondolewa kwenye kikundi cha akina mama kanisani. Kwa maneno yako!

Ni wewe uliyelaza ile nailoni nyeusi juu ya bwawa la samaki ili maji yapate joto. Ulinieleza mwenyewe, tena ukijisifu. Na kazi yangu, ile unayoiita kucheza na kompyuta, ni hiyo hiyo: kukokotoa jinsi hewa inavyopenya kwenye uso wa maji na kuingia ndani. Naugawa uso huo vipande vidogo vidogo, na kompyuta inapiga hesabu ya kila kipande.

Basi nililiingiza bwawa letu: kina chake, baridi ya huko, samaki wanavyopumua. Bila nailoni, waliishi. Nikafunika maji, oksijeni ikaisha kabla ya kupambazuka. Nilirudia nikitafuta namna ya kukutetea, sikuipata. Si wewe uliyesema uliwakuta wamejazana chini ya nailoni, midomo wazi? Walikuwa wanatafuta hewa, Mwangi.

Kukosea si neno. Lakini kumpaka mjane matope ili wewe usionekane mjinga, hilo linanichoma. Jumapili simama kanisani useme ni nailoni. Kisha nenda kwake ukanywe uji wake mbele ya watu, maana nasikia hakuna anayegusa chakula chake tena.

Nisalimie mama, mkeo Wangari, na mjomba mwenye duka Gatitu.

Nimempigia Mama Kanini simu. Hakulia, wala hakukutaja. Aliniuliza tu, "Nyambura, hata mama yako aliamini hiyo maneno?"

Nilimwambia jibu litatoka kwenu. Nendeni mkamjibu.

Bado ni dada yako,
Nyambura