Maganda Matano Ambayo Sikuyapima

Alhamisi, Novemba 2006. Woolwich.

Mvua nyembamba tangu asubuhi, ile isiyomlowesha mtu wala kumwacha mkavu. Nimetoka shift kwenye nyumba ya wazee saa nane. Sasa ni saa kumi, mwanangu Rehema amelala kwenye sofa na viatu vyake, baba yake yuko chumbani na mlango umefungwa.

Mnaoisoma blogu hii kwa ajili ya mapishi mnisamehe. Leo hakuna mapishi.

Jumapili bunduki ya mume wangu ilimlipukia usoni.

Niseme vizuri, maana mtu akisikia bunduki anafikiria mengine. Baba Rehema ni dereva wa basi. Jumapili zake ni za shabaha, kwenye klabu nje ya mji, na kibali chake cha polisi anakitunza kuliko cheti chetu cha ndoa. Risasi anajitengenezea mwenyewe: anaokota maganda yaliyokwisha kupigwa, anayasafisha, anatia baruti mpya na kuchomeka kichwa kipya cha risasi juu. Wengi klabuni wanafanya hivyo. Mashine yake ameifunga kwenye meza ileile ninayokatia vitunguu. Nilinuna mwaka mzima, kisha nikazoea.

Halafu akanunua programu ya kompyuta. Unaiambia uzito wa risasi, aina ya baruti na kiasi chake, na ganda lina nafasi kiasi gani ndani, nayo inakukisia presha itakayopanda na kasi ya risasi, kabla hujapiga hata moja. Yeye kwenye kompyuta ni mzito kama mimi kwenye barua za council, hao wa halmashauri, ila kuchapa mimi naweza. Kwa hiyo yeye anasoma, mimi nachapa. Tulikuwa tunacheka. "Mama Rehema, wewe ndiye injinia, mimi mbeba vyuma."

Sasa ile nafasi ya ndani haikisiwi, inapimwa. Unaweka ganda tupu kwenye mizani ndogo, unalijaza maji mpaka mdomoni, unalipima tena. Unafanya matano, unatafuta wastani. Programu ina namba yake tayari, lakini hiyo ni ya ganda la kawaida tu, haijui wewe umeshika lipi.

Wiki iliyopita alipata mfuko wa maganda ya kiwanda kingine. Mazito, kuta zake nene, maana yake ndani nafasi ni ndogo, na baruti ileile ikibanwa padogo presha inapanda. Aliniachia matano mezani na bomba la sindano la dawa ya mtoto, la kutilia maji. Akaenda kazini.

Rehema alikuwa na homa siku hiyo. Alitapika mara mbili, ya pili juu yangu. Nilikuwa nimetoka shift, miguu inawaka moto. Nikaiacha ile namba iliyomo.

Aliporudi akauliza, "Umepima?"

Nikasema nimepima.

Kawaida anaanza na baruti kidogo, anapanda polepole huku akiyatazama maganda yanavyotoka. Safari hii mashindano yalikuwa karibu na kompyuta ilisema pana nafasi tele. Akaanzia juu.

Ilikuwa risasi ya kwanza tu. Ganda lilipasuka nyuma, gesi ya moto na vipande vya shaba vikarudi kupitia kwenye komeo la bunduki. Miwani ya kinga alivaa. Kipande kilipita pembeni yake, kikaingia jichoni. Daktari wa macho anasema jicho la kulia litaona mwanga, labda na vivuli. Na hapa basi haliendeshwi kwa jicho moja. Hilo halina mjadala.

Jioni ileile niliporudi kutoka hospitali nilifungua kompyuta, nikaiona ile namba ya programu, palepale nilipoiacha.

Nikaifunga.

Siku zote hizi yeye anaamini ni mikono yake. Anaamini alitia baruti mara mbili kwenye ganda moja. Anakaa kitandani anarudia kwa sauti: nilichukua, nikamimina, nikaweka kushoto. Au sikuweka kushoto? Chai hanywi mpaka nishike mimi kikombe. Rehema akimnyooshea mikono, yeye anageukia ukutani. "Daddy doesn't want me," mtoto ameniambia jana, baba hanitaki, kwa Kiingereza chake cha chekechea, bila kulia, kama anayetoa habari tu. Nilimvua soksi nikamvisha tena, wala sijui nilikuwa nafanya nini.

Msimamizi wa usalama wa klabu amepiga simu. Anakuja kesho kuchukua risasi zilizobaki na karatasi za kompyuta. Na jana, naandika maana nimeamua kusema yote, nilikaa mbele ya lile faili, kidole juu ya kitufe cha kufuta. Ningefuta, angebaki na kosa la mikono yake maisha yake yote, nami ningebaki mke mwema anayemuuguza.

Sikufuta. Lakini nilikaa pale muda mrefu.

Leo baada ya chakula nikamwambia. Sikuzunguka. Nikasimama mlangoni nikasema, Baba Rehema, yale maganda sikuyapima. Ile namba ni ya programu yenyewe. Mikono yako haina kosa.

Nikasikia basi likija huko chini, likasimama kituoni, likaondoka.

"Hata mimi nilitakiwa kuanzia chini," akasema. "Kompyuta inakisia tu. Wenzangu nawaambia kila siku."

Nikashusha pumzi. Nilidhani yamekwisha.

Kisha akauliza nimejua lini.

"Jumapili."

"Leo Alhamisi."

"Ndiyo."

"Huko kazini kwenu, Mama Rehema, ukimpa bibi dawa isiyo yake, unakaa siku nne?"

Hapana. Unasema papo hapo, unaandika kwenye daftari, unaita daktari, hata kama utafukuzwa. Imewahi kunitokea, mara moja, na nilisema kabla sijavua glovu. Huyo alikuwa bibi wa watu. Mume wangu nilimwacha aitilie shaka mikono yake siku nne, nikimletea supu.

Akaniomba nifunge mlango. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Karatasi nimeichapisha. Chini yake nimeandika kwa kalamu: nafasi ya ganda haikupimwa, namba niliiacha mimi. Nikatia jina langu kamili. Mgeni akija kesho nitamfungulia mimi na nitaeleza mimi, kwa Kiingereza changu hikihiki. Hilo naliweza.

Lakini akishaondoka, nitaingia chumbani na sahani ya chakula, naye atanitazama kwa lile jicho lililobaki.

Nitaanzia wapi?