Mnavu wa Kwenye Kifusi

Nyumba ya uani,
Nyuma ya kiwanda cha mbao.
Jumatatu, wiki ya pili ya mvua.

Mpendwa mdogo wangu, Bi Chumvi,

Salamu nyingi zikufikie kabla ya jambo lolote. U hali gani? Tumbo bado linakuamsha? Sikio je, au ndiyo limekufa kabisa? Yule mpangaji wako kinyozi hajambo? Natumaini miwani yako haijavunjika, maana barua hii ningependa uisome mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa.

Mimi nipo. Kifua kinakoroma kama redio mbovu na miguu imevimba hadi viatu vimenikana. Daktari amenikataza ngazi, hasira na matembezi. Ngazi hatuna, hasira nimepunguza, matembezi ndiyo yananishinda. Tangu mvua zianze sikai. Naamka kitandani naenda dirishani, dirishani narudi kitandani. Najua mboga ya mgagani imeshachipua kando ya reli, najua uyoga utatokeza kwenye vichuguu wiki hii na wiki ijayo utakuwa umeoza. Vyote vinapita huku mimi nimekaa na soksi.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Ijumaa mkwe wangu, yule mke wa mwanangu fundi cherehani, alikupigia simu akasema majani ya mnavu niliyokutumia ya tumbo yameota ukungu, uyatupe. Hayakuota ukungu. Nilikuwa nimekaa hapohapo nikimsikia akidanganya kwa ajili yangu, nikajifanya natafuta miwani, na miwani iko usoni.

Nakujua, mdogo wangu. Wewe hutupi kitu kwa sababu ya ukungu. Utayaanika, utayapepeta, utasema ukungu ni vumbi lenye maringo, kisha utayachemsha. Ndiyo maana naandika. Yatupe. Ule mnavu huenda umechanganyika na mnanaha, ule wa maua kama tarumbeta ambao mama alitupiga vibao vya mikono tulipouchezea.

Utauliza imekuwaje. Mimi niliyepima ardhi ya watu maisha yangu yote, nikilala porini na kula nilichochuma mwenyewe, nishindwe na mnavu?

Kiangazi kilichopita nilipata ile homa. Homa ikaondoka, ikaondoka na pua yangu, ulimi nao ukafuata. Sinusi kitu. Chai kwangu ni maji ya moto tu. Na macho unayajua, yana mtoto wa jicho, kwa hiyo siku nyingi nimekuwa nachuma kwa kunusa na kutafuna kuliko kwa kuona. Sikumwambia mtu.

Unaikumbuka sheria ya mama. Mchumaji atafune jani bichi mbele ya mpishi, aseme "safi", ndipo sufuria ibandikwe motoni. Sheria hiyo niliileta nyumbani kwangu, marehemu mke wangu akaifuata, na mkwe wangu anaifuata hadi leo. Basi tangu ile homa nimekuwa nikisimama jikoni, natafuna, nasema "safi", kama karani anayegonga muhuri bila kusoma.

Kwa nini? Aibu, tena ya kijinga. Hapa mtaani wananiita Babu Mbuzi. Kila asubuhi seremala jirani hupaza sauti, "Babu Mbuzi, leo malisho wapi?" Nami humjibu, "Njoo nikufunge kamba twende wote." Anacheka, nami nacheka, siku inaanza. Mwenye mtoto anayeharisha anakuja kwangu, mwenye kikohozi anakuja kwangu. Nikiacha kuchuma, nabaki kizee chenye miguu iliyovimba.

Ule mnavu niliuchuma nyuma ya uzio wa shule, mahali pangu pa siku zote. Lakini mafundi wa barabara walikuwa wamemwaga kifusi pale, na mnanaha hupenda kifusi kuliko shamba. Vyote viwili vilichipua pamoja kwenye maji yanayovuja bombani. Majani machanga ya vitu hivi viwili, kwa macho kama yangu, ni ndugu. Pua ndiyo hutenganisha, maana mnanaha ukiusugua hunuka kama panya aliyelowa. Mimi nilisugua, nikanusa, sikupata kitu, nikajiambia basi ni salama. Nikaanika. Mkwe alipokuwa kwenye cherehani zake, nikampa dereva wa lori la saruji akuletee.

Alhamisi nilimtoroka daktari, nikachuma tena palepale. Nikatafuna, nikasema "safi", nikageuka kwenda kukaa. Nikamsikia mkwe anatema. Nilipotazama, alikuwa ameshika jani, amelipeleka kwenye mwanga. Akalimwaga lundo lote. "Baba," akasema, "leo maharagwe yanatosha." Kesho yake akakupigia ile simu ya ukungu. Tangu hapo tunapishana humu ndani kama wapangaji.

Dereva anaondoka alfajiri na barua hii, akufikie keshokutwa. Nimemwagiza asinywe hata maji yako mpaka aone umemwaga yale majani.

Keshokutwa. Nimeliandika neno hilo nikalisoma tena. Keshokutwa ni vikombe vingapi kwa mtu mwenye tumbo kama lako? Ngoja kwanza.

*

Naendelea, sasa ni jioni. Niliyoyafanya unayajua, uliyasikia wewe na kinyozi wako na wateja wake wote. Lakini upande wa huku hukuuona, acha nikueleze.

Niliinuka hapa mezani nikatoka uani na soksi zangu kwenye matope. Nikamwambia mkwe, "Nipigie simu kwa shangazi yenu, nitasema mwenyewe." Akaniangalia, akapiga. Mkwe aliposema kinyozi ameweka simu yake sauti ya juu ili usikie, nilijua natangaza sokoni. Seremala alikuwa mlangoni na msumeno wake. Nikapiga kelele hivyohivyo: "Ulimi wangu umekufa! Pua imekufa! Nimekutumia mnanaha!" Msumeno ukanyamaza.

Ukajibu, "Kaka, unapiga kelele za nini, mimi si kiziwi!" Nikasikia wanaume wanacheka huko kwa kinyozi. Nikauliza kama umekunywa. Ukasema, bila haraka, kama mtu anayeeleza bei ya nyanya, kwamba Jumapili ulikunywa nusu kikombe, mate yakakukauka, moyo ukaenda mbio, watu ukawaona wawili wawili, ukadhani ni uzee umefika rasmi.

Unaposema "nusu kikombe" na kucheka, mwenzio huku naona jeneza. Ahsante kwa nusu uliyomwaga. Mwambie kinyozi ahsante pia, nimesikia alivyomwacha mteja na povu kichwani akaenda kuyatumbukiza majani chooni mpaka la mwisho. Na bado uende kwa daktari akutazame. Usinibishie kwenye hilo.

Simu ilipokatika nilimwambia mkwe, "Nawe nisamehe, nimekulisha kwa kubahatisha." Akasema, "Baba, nilijua tangu siku ile uji ulipoungua. Nyumba nzima inanuka moshi, wewe unaniambia mtamu. Kila unachochuma nakitafuna tena ukigeuka." Nikamuuliza mbona hakusema. Akaniambia, "Ningeanzia wapi? Mimi na ulimi wa baba mkwe, wapi na wapi!" Kisha tukacheka wote, mimi nikakohoa mpaka akaleta maji. Ule mzigo wako tu ndio ulimpita.

Seremala alikuja baadaye, akakaa kwenye kizingiti. Hakuniita Babu Mbuzi. Afadhali angeniita.

Sasa ya kupigia kelele nimeyapigia. Barua bado naituma, kwa sababu ya hili moja ambalo siwezi kulisema mbele ya wateja wa kinyozi.

Daktari amesema moyo umechoka. Maji yanayojaa kifuani wanayatoa, yanarudi. Hakutaja muda, ila alinishika mkono kwa muda mrefu mno kwa daktari mwenye foleni. Mwanangu hajui, yuko safarini kikazi. Mkwe nadhani anajua, yeye hujua yote.

Naogopa, mdogo wangu, na woga wangu hautulii. Usiku nahesabu mimea. Mkwe anaweza kutenganisha jani jikoni, lakini ardhini bado hajui. Mvua hizi naweza kumwonyesha mgagani kwa kumwelekeza kutoka dirishani. Lakini mlenda mwitu unakuja mvua zikikatika. Magome na mizizi ni ya kiangazi. Siwezi kumwonyesha mzizi wa kiangazi mwezi wa mvua, na kiangazi sidhani nitakiona. Nilitembea misimu yote hiyo nikidhani inanisubiri.

Wewe uliyajifunza kwa mama kama mimi, kabla ya kuolewa mbali. Ulimi wako mama mwenyewe aliuogopa. Njoo. Panda na dereva huyuhuyu akirudi, kiti cha mbele ni kizuri. Kaa nasi mvua hizi, na ukiweza, kaa mpaka kiangazi, hata kama mimi nitakuwa nimetangulia. Mkwe ana kitanda cha ziada, na cherehani haimkeri mtu asiyesikia.

Nisalimie binti yako na wajukuu, nisalimie shemeji, umwambie sijasahau bao aliloniibia. Kinyozi mpe mkono. Mungu akulinde na njia, na akuzuie usibishane na dereva.

Ukifika, wewe ndiye utafune mbele ya mpishi. Mimi nitangoja mezani kama watu wengine, na utakachosema ni safi nitakila, sitauliza.

Wako akupendaye tangu ulipozaliwa ukilia kuliko wote,
Kaka yako.