Laini Isiyompata Mama

Shikamoo Mama,

Tabora ni jua na vumbi jekundu. Shangazi anaishi njia ya Kwihara, walikopita wapagazi wa zamani. Aliniandalia chai na michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kisha akaifunika sahani. "Kwanza waambie kwenu umefika, ndipo ule."

Nikatoa simu kwa maringo. Ile eSIM, laini isiyo na kadi, niliyoiweka huko Mombasa kwa kuskani msimbo ilishika mtandao papo hapo. Kumbe nilinunua ya intaneti tu. Haina namba, haipigi simu, na kisimu chako cha tochi hakijui intaneti.

"Laini gani hii isiyompata mama yako?" Shangazi akachukua simu yake, akabonyeza, akakupigia. Nilitoka uani niwaachie nafasi, maana tangu tumzike Baba hamkuwahi kusemezana. Niliporudi chai ilikuwa imepoa, naye anajifuta macho kwa kanga.

Usiache dawa ya presha, Mama. Na usidhani ni mimi niliyempa namba yako. Hakuniuliza. Miaka yote hii alikuwa nayo kichwani.

Mwanao akupendaye,
Zuhura