Jembe la Posa la Dada Lusia

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie kabla hasira haijanitoa adabu. Mimi ni msichana wa Kihesa, nimemaliza darasa la saba mwaka huu, na tangu nirudi kutoka bweni najifunza lugha ya mikono kwa dada yangu Lusia, ambaye hasikii wala hasemi, na ingawa tumezaliwa nyumba moja, ndiyo kwanza najua kuomba maji, kuuliza nani na lini, na ishara ya jina langu, ambayo ni kugusa nyusi kwa sababu ya kovu langu, lakini mama akituona ananipiga vidole kwa mwiko, "Watu watasema nimezaa mabubu wawili!" na sasa baba mdogo Tadeo amempatia Lusia mchumba, mgane wa Madibira mwenye masharubu, naye Jumapili baada ya ibada ataleta jembe, maana kwetu binti akilipokea mbele ya wazee amekubali, akiliacha chini amekataa, ila shangazi Yudith amesema atalipokea yeye. Nilipouliza mbona Lusia hajaulizwa, baba mdogo alisema, "Tumuulize kwa tarumbeta?" wakacheka wote, nami nikakimbilia jikoni kulia. Lusia akanifuata, akagusa juu ya mdomo wake, masharubu, akafanya kama analima, kisha akapangusa viganja kwa nguvu. Nadhani alisema hamtaki. Lakini mimi ndiyo naanza kujifunza, na mbele ya wazee sauti yangu hupotea. Je, nisimame nimsemee?

Evarista, Kihesa

Binti yangu Evarista,

Hasira yako ni ya haki, nami ninayo. Watu wanaomtambua ng'ombe wao kwa mlio wameshindwa kumtambua mtoto wao! Mwenye aibu katika nyumba hiyo si Lusia.

Ila na wewe nakugombeza. "Nadhani" ndiyo nini? Posa haivunjwi kwa nadhani. Kesho mchana keti naye nje, uso kwa uso. Usikodolee macho vidole tu. Uso wake ndio utakaokuambia kama anauliza, anakataa au anatania. Mweleze kwanza kwamba shangazi anataka kulipokea jembe kwa niaba yake, kisha muulize, na utulize mikono yako usubiri. Usipoelewa, mwombe arudie. Usiitikie kwa haya kama mlivyozoea darasani.

Halafu nenda naye kwa mchungaji kabla ya Jumapili. Hakuna ndoa ya kanisani bila ridhaa ya bibi arusi, na baba mdogo anajua.

Kumsemea, hapana. Lusia ni mtu mzima, na ishara zako bado chache. Shangazi akinyoosha mkono, sema neno moja tu: "Shangazi, jembe ni la Lusia." Sauti ikipotea, simama kati yao.

Jembe likiwekwa mbele ya Lusia, wazee watazame mikono yake. Akilipokea, piga vigelegele hata kama moyo wako hautaki. Akiliacha chini, watakuwa wameelewa wote, hata yule wa tarumbeta.